Mtoto wa Daisy

SEHEMU YA 1

Leo naomba tuzungumze kuhusu mtoto mmoja wa miaka mitatu ambaye hayumo kwenye rejesta ya kliniki yetu. Anaitwa Pammy. Mama yake ni Daisy, baba yake ni Tom, wana jumba pembeni ya maji, farasi, magari, na wafanyakazi wa kila kazi. Msianze kuniuliza ni wa Korogwe mtaa gani. Ni wa kwenye kitabu.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Great Gatsby, kimeandikwa na Mmarekani F. Scott Fitzgerald, kikatoka mwaka 1925. Mdogo wangu anasomea ualimu wa Kiingereza, alikuja likizo Handeni akakisahau mezani, nikakichukua. Ni chembamba, lakini Kiingereza chake kina kona kuliko barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Nimekisoma kurasa tano tano, watoto wakishalala. Wengine mtakuwa mmeona filamu yake ya 2013, ile ya Leonardo DiCaprio. Ina muziki mzuri na nguo za kufa mtu. Lakini nikikuuliza kuhusu huyo mtoto, sidhani kama utamkumbuka.

Nawasimulia kwa kifupi, maana najua wengine mnanisoma mkono mmoja una simu, mwingine una mtoto titini.

Kuna kijana, mtoto wa wakulima maskini, anaitwa James Gatz. Anajibadilisha jina, anajiita Jay Gatsby. Akiwa mwanajeshi anampenda Daisy, binti wa kitajiri. Anapelekwa vitani Ulaya, huku nyuma Daisy anaolewa na Tom mwenye hela za urithi. Miaka inapita. Gatsby anarudi na utajiri usioeleweka, ananunua jumba mkabala na kwa Daisy, wanatenganishwa na maji tu, na anaanza kufanya sherehe. Yaani sherehe! Watu wanajaa mamia, wengi hawakualikwa, wengine hata mwenye nyumba hawamjui kwa sura. Wanakula, wanakunywa, wanamsengenya kwenye bustani yake mwenyewe. Na yeye hana shida nao. Anachotaka ni kwamba siku moja Daisy apite, aone taa, aingie.

Ndani ya jumba kuna maktaba. Vitabu ni vya kweli kabisa, sio maboksi, lakini kurasa zake hazijakatwa. Zamani vitabu vingine vilikuja kurasa zimeshikana, mpaka uzikate ndipo usome. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuvisoma. Nikakumbuka makabati yetu ya vyombo sebuleni, yale yenye vioo, ambayo mtoto wa nyumba hiyo hajawahi kunywea kikombe chake hata kimoja.

Na hela alizitoa wapi? Marekani walipiga marufuku biashara ya pombe kuanzia 1920 mpaka 1933. Gatsby na mshirika wake wanamiliki maduka ya dawa, na kaunta ileile ya dawa ndiyo inayouza pombe ya magendo. Hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Gongo kupitia duka la dawa! Nikawaza mtu kaja usiku kumtafutia mwanawe dawa ya homa, na mwenye duka ana haraka na wateja wengine.

Sasa turudi kwa mtoto. Daisy anasimulia siku aliyojifungua. Enzi hizo waliwalaza wanawake kwa etha, hivyo mama aliamka mtoto ameshazaliwa. Hakuna hata saa moja imepita, mumewe hajulikani alipo. Anamuuliza muuguzi: wa kike au wa kiume? Anaambiwa wa kike, anageuza uso analia. Halafu anasema maneno ambayo yamenikaa kichwani: anaombea binti yake awe mjinga, mrembo na mjinga, kwa sababu anaona hapa duniani ndiyo heri pekee ya msichana.

Huyo muuguzi hana jina kitabuni. Hatuambiwi alijibu nini. Mimi nimesimama pembeni ya vitanda vya namna hiyo mara nyingi, mama anauliza jinsia kabla hajauliza kama mtoto analia, na najua kuna vitu vinapita usoni kwa mama ambavyo haviandikwi kwenye kadi. Daisy ana kila kitu na hana mtu wa kumshika mkono. Sasa hivi tunahimiza mama aje na mwenza wakati wa kujifungua, mume, dada, mama mkwe mwenye roho nzuri, yeyote anayemtaka. Jumba la Daisy lingeweza kununua hospitali nzima, ila huyo mtu mmoja halikumpata.

Pammy mwenyewe anaonekana mara moja tu kwenye kitabu kizima. Yaya anamleta sebuleni, amevalishwa vizuri kwa sababu mama alitaka kumwonyesha kwa wageni. Gatsby yupo. Anamwangalia yule mtoto kwa mshangao, kama mtu ambaye siku zote hakuamini kwamba yupo. Kwenye ndoto yake ya miaka mitano Daisy hana mtoto. Dakika chache, yaya anamshika mkono anamtoa, vinywaji vinaingia. Imeisha hiyo. Hatumwoni tena.

Nitaendelea kesho, hapa kuna mtu anataka kunyonya.

SEHEMU YA 2

Tuendelee. Kuna dada kaniuliza inboksi, "Nesi, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi wa Korogwe?" Swali zuri.

Majumba ya namna hiyo tunayo, dada. Toka Mombo mpaka Hale ukiangalia kwenye vilima vya mashamba ya mkonge utayaona, yenye veranda ndefu, mengine sasa yana popo tu. Mkonge wenyewe asili yake ni huko huko Amerika. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo mkoa mzima ukabadilika. Baada ya Vita ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yakauzwa kwa Waingereza, Wagiriki na Waasia, kwa hiyo wakati kitabu cha Gatsby kinatoka huko, huku nako kulikuwa na watu wanajenga ndoto zao juu ya vilima. Chini yake zilikuwa kambi za manamba. Babu yangu mzaa mama alikuja kutoka Kigoma akapewa namba, na kwa hiyo namba ndiyo alilipwa mpaka alipozeeka. Mtu aliyepita barabarani aliona shamba limenyooka, kijani mpaka upeo wa macho, akasema hapa kuna utajiri. Na ulikuwepo. Ila babu alikuwa anauona kwa upande wa chini. Zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na waliobaki na kikohozi cha vumbi la korona ni walewale wa kambini.

Kwenye kitabu pia kuna sehemu ya chini. Katikati ya majumba na jiji la New York kuna bonde la majivu, kila kitu kijivu, na hapo anaishi fundi magari anaitwa Wilson na mkewe Myrtle. Nitawarudia hao, nawapenda.

Lakini dada yangu aliyeuliza, jibu langu hasa si mkonge. Ni kadi ya kliniki. Nimebadilisha mambo ya kutosha ili huyu mama asijulikane, na yeye mwenyewe kaniruhusu niandike.

Alikuja na binti wa miezi 14. Miezi 11 mtoto alikuwa na kilo 8.6, safi kabisa. Miezi 12, 8.6. Miezi 13, 8.5. Siku hiyo 8.3. Mnaojua kadi mnajua: mstari ukilala kama barabara ya tambarare ni onyo, ukianza kushuka ni hatari. Nikampima mkono kwa utepe, sentimita 12.1. Hiyo ni njano. Chini ya 12.5 tunaita utapiamlo wa kadiri, chini ya 11.5 ni nyekundu, mkali. Hakuwa na homa, hakuharisha, malaria hakuna. Mama yupo, baba yupo, anaendesha bodaboda.

Nikamuuliza anakula nini. Uji. Uji wa nini? Akaangalia chini. Wa sembe. Maziwa? Zamani nilikuwa nampa. Zamani lini? "Kabla ya sherehe, nesi."

Sherehe ilikuwa ya mtoto kutimiza mwaka. Nikaonyeshwa picha. Keki ya ghorofa tatu, maputo ya dhahabu, mama na mtoto sare, mpiga picha, MC, wageni zaidi ya mia. Mtoto amekaa kwenye kiti cha kifalme cha kukodi, usingizi umemjaa. Ili yote hayo yapatikane walikopa shilingi 300,000 kwa wale jamaa wa marejesho ya kila siku. Kausha damu. Elfu 13 kila siku kwa siku 30, piga hesabu, ni 390,000. Siku ya kumi baba hakupata abiria wa kutosha, wakakopa kwingine kulipa pale. Nilipokutana naye walikuwa kwenye mkopo wa tatu. Mama anatoka alfajiri na vitumbua, anarudi jioni, mtoto anashinda na bibi yake ambaye naye anapika alichoachiwa. Na cha kuachiwa ni unga.

Elfu 13 ya siku moja. Nusu lita ya maziwa, mayai mawili, fungu la dagaa, mchicha, ndizi mbivu, halafu inabaki nyingi tu. Mtoto wa mwaka mmoja anakula kidogo jamani, tumbo lake ni kama ngumi yake. Nchi nzima, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tukisikia hiyo namba tunawaza njaa, ukame wa Handeni, mwaka mbaya wa mahindi. Ni kweli, vipo. Lakini mimi kwenye mizani naona na keki.

Sasa nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia, nyie mnanijua. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Nesi, wa kwanza alifariki ana miezi tisa. Huyu amefika mwaka. Nilitaka watu waone amefika."

Nikanyamaza.

Nikamwandikia rufaa ya lishe, tukakubaliana arudi kila wiki. Lakini maneno yake nimetembea nayo tangu siku hiyo. Ndiyo maana nimeanza kuwasumbua na Gatsby. Watu wanamsoma yule kijana wanasema mshamba, anajionyesha, hela haramu. Sawa. Lakini chini ya mashati yake ya bei mbaya kuna kitu cha kweli anakitaka, kama huyu mama. Ndoto yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Ilivyolipiwa, na nani aliyelipa, hapo ndipo pa kuangalia.

SEHEMU YA 3

Nimesoma maoni yenu. Nyie mnaomtukana yule mama, naomba mfute. Kuna wengine mmeniandikia "mwache ajifunze". Anayejifunza ni mtoto wa kilo 8.3, na yeye hakusaini popote.

Mnakumbuka Myrtle wa kwenye bonde la majivu? Yeye analalamika kwamba alikosea kuolewa. Aligundua kuwa suti aliyovaa mumewe Wilson siku ya harusi ilikuwa ya kuazima, mwenyewe alikuja kuifuata Wilson akiwa hayupo. Myrtle alilia mchana mzima. Akaona amedanganywa, si mwanaume wa kiwango chake. Baadaye akawa hawara wa Tom, huyuhuyu Tom mume wa Daisy, kwa sababu Tom alikuwa na viatu vinavyong'aa. Na siku moja Tom alimpiga akamvunja pua, mbele ya watu.

Mimi niko upande wa Wilson. Niseme wazi. Kuazima suti ni akili! Hapa Manundu na pale Chanika gauni la harusi linakodishwa, viti vinakodishwa, hata taji. Ukivaa siku moja ukarudisha, hakuna mtoto atakayekosa maziwa kwa ajili hiyo. Ningekuwa na binti wa kuoa ningemwambia mtafute aliyeazima suti, usimtafute aliyekopa. Myrtle aliona aibu mahali ambapo hapakuwa na aibu, akaacha kuiona mahali ilipokuwa imejaa tele.

Mwisho wa kitabu nautoa, samahani mnaotaka kukisoma. Daisy anaendesha gari la Gatsby, anamgonga Myrtle, anakufa palepale. Hasimami. Gatsby anakubali aonekane yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Tom anamwelekeza Wilson kwa mwenye gari, Wilson anampiga Gatsby risasi, kisha anajiua. Watu watatu. Na Tom na Daisy? Wamefunga mizigo wameondoka, hawakuacha hata anwani. Mtoto wamemchukua, nadhani. Mwandishi hasemi.

Nikiulizwa uozo uko wapi kwenye hiki kitabu, sitasema kwa Gatsby wala kwa Myrtle. Nitasema uko kwa wale ambao kila kitu kikivunjika wao wanahama.

Na hapa kwetu tunawajua. Wazee wa 2009 mnaikumbuka DECI. Watu walipanda mbegu ili wavune, lugha ya kanisani kabisa, wengine wakauza walichonacho wakapanda. Waliovuna walikuwa wanalipwa kwa hela za waliopanda nyuma yao. Serikali ilipoifunga, foleni zilikuwa za watu wanaotafuta walichoweka. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Miaka imepita, sasa mitego iko kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni. 69! Nyingine ukichelewa siku moja zinawatumia meseji watu wote walioko kwenye simu yako, mpaka mchungaji, mpaka mama mkwe. Wanauza aibu. Aibu ileile iliyokufanya ukope ndiyo wanayokuja kukubana nayo.

Jina kausha damu sijui alilitunga nani, lakini aliwahi kukaa karibu na maabara. Mjamzito akiwa na damu chini ya gramu 11 tunasema ana upungufu. Nimepima akina mama wana 8, wana 7, nikiuliza mboga wanasema marejesho.

Kuhusu wageni. Gatsby alipokufa, yule rafiki yake aliyekuwa jirani alipiga simu huku na huku kutafuta wa kuzika. Mmoja wa waliokuwa wanashinda pale alipiga simu, kumbe anaulizia viatu vyake alivyovisahau. Msibani walikuja wa kuhesabu kwenye vidole. Wazigua na Wasambaa wakisoma hapo wataona ni uongo, kwetu hata mchawi anazikwa na umati. Kweli. Kuzika tunazika. Lakini njoo wodini siku mama anavuja damu baada ya kujifungua na tunahitaji wa kuchangia. Simu zinapigwa. Waliokula keki walikuwa mia na zaidi. Mlangoni wanatokea wawili, mmoja ana shinikizo la damu hafai kutoa.

Mtu mmoja alikuja msibani kwa Gatsby akanivunja moyo. Baba yake. Mzee wa watu kasafiri kutoka mbali, amebeba kitabu cha zamani cha mwanawe. Nyuma yake mtoto alikuwa ameandika ratiba ya siku, mwaka 1906: kuamka saa kumi na mbili asubuhi, mazoezi, kusoma, kazi, kuweka akiba kila wiki, kuwa mwema zaidi kwa wazazi. Mzee anaonyesha kwa fahari. Nilikisoma hapo mara tatu. Alikuwa mtoto mzuri, jamani. Sijui ni lini hasa alianza kuamini kwamba yule mtoto hatoshi.

Haya, mliouliza cha kufanya. Mkopo wa biashara kwa kikundi, halmashauri zina ule wa asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, hauna riba. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni wa biashara, usiende na hesabu ya keki. Kikoba nacho, ukiwa na watu unaowaamini. Mtoto akitimiza mwaka, pika ubwabwa, waite majirani, piga picha na simu yako mchana, taa ya jua haikodishwi. Na ukishindwa kulipa, usijifiche kliniki. Kuna akina mama wanaacha kuja kwa sababu aliyewakopesha anakaa njiani. Pita nyuma, njoo.

Yule mama amerudi mara sita. Mume aliuza redio kubwa, wakamaliza mkopo mmoja, miwili bado. Bibi tumemfundisha kuchanganya uji na karanga na dagaa wa kusaga, na kuongeza kijiko cha mafuta. Wiki iliyopita binti alikuwa na kilo 8.7, mkono 12.6, kijani kwa unyoya. Alivuta utepe wangu akautia mdomoni.

Jumatatu tunapima kuanzia saa mbili asubuhi. Mje na kadi, hata iliyochanika.